Toleo la Kwanza, Pengine na la Mwisho

Tulipomzika nera wangu, yaani kaka yake mama, nilipewa kazi ya kupekua sanduku lake la bati. Wazee walitaka hati ya shamba. Hati ilikuwepo, chini kabisa, imezungushiwa nailoni. Juu yake kulikuwa na majarida manne ya hadithi za picha, na mimi nikakaa sakafuni nikisahau kwamba watu wananisubiri nje.

Kulikuwa na African Film moja bila jalada, Joe moja, na Pichadithi mbili. Hakuna toleo lililofuatana na jingine. Nera hakuwa mkusanyaji. Alikuwa fundi wa baiskeli mjini Homa Bay, mtu wa kupita mbele ya muuza magazeti, kuona mchoro, kupapasa mfuko, kisha kununua. Wiki iliyofuata pesa ilikuwa ya unga.

Nadhani historia ya katuni zetu iko hapo, kwa huyo mnunuzi wa ghafla, kuliko ilivyo kwa mashabiki sugu. Yeye ndiye aliyezipa uhai, na ndiye aliyeziacha zife.

Tuanze na Spear. Miaka ya 1960, kampuni ya Drum ilianza kutoa African Film, jarida la picha za kupigwa kwa kamera, siyo za kuchorwa, na maneno yakiwekwa kwenye viputo juu ya vichwa vya watu. Shujaa wake alikuwa Lance Spearman, jasusi Mwafrika mwenye kofia, tai na ngumi nzito, aliyeigizwa na Jore Mkwanda. Nera alikuwa akituambia, "Omera, Bond alikuwa sinema ya watu wa Nairobi. Sisi tulikuwa na Spear." Hakujua, na sidhani wengi walijua, kwamba jarida lile lilikuwa na mizizi Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mle ndani mtu mweusi aliendesha gari la kifahari na kuwapa polisi maagizo. Ukiwa kijana wa South Nyanza, nchi yako ina uhuru wa juzijuzi tu, ungepita bila kununua? Lilikuwa la Kiingereza, na nera hakumaliza shule. Picha zilimvusha. Anasema Kiingereza chake nusu alikitoa kwa walimu, nusu kwa majambazi waliokuwa wakipigwa na Spear.

Kisha Joe. Hilary Ng'weno na Terry Hirst walilianzisha Nairobi mwaka 1973: vichekesho, katuni, na hadithi fupi za mjini. Joe alikuwa mwananchi wa kawaida anayecheka ili asilie. Lilikufa mwaka 1979. Watu walilipenda kweli, lakini nakala moja ilizunguka karakana nzima. Wasomaji kumi, mnunuzi mmoja. Mchapishaji analipwa na yule mmoja tu.

Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya, hakuchoka. Miaka ya 1980 akaja na Pichadithi kupitia Kul Graphics. Jina lenyewe ni picha na hadithi zimebanwa pamoja. Humo walichora ngano za jamii mbalimbali za Kenya, kila toleo na hadithi yake kamili. Ninauona huo kuwa ujanja mkubwa: hukuhitaji toleo lililopita wala kuahidi kununua lijalo. Mtu kama nera ndiye alitengenezewa.

Moja ya zile mbili sandukuni ni ya Lwanda Magere, yule shujaa wa Kijaluo ambaye nguvu zake zilikuwa kivulini. Mama anakumbuka siku ilipofika nyumbani. Dani, ambaye hakujua kusoma, aliikagua ukurasa kwa ukurasa kama anayekagua samaki sokoni. Akaisimulia hadithi yote upya, kwa namna yake, na kila alipofika mahali penye picha alisimama kuulizia: huyu ni nani, mbona ana miguu myembamba hivi? Usiku huo hakuna aliyelala mapema.

Upande wa Tanzania walikuwa na Sani, kazi ya Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, na wahusika kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa waliotoka kwenye kalamu ya Philip Ndunguru. Alifariki mwaka 1986, wachoraji wengine wakawaendeleza. Ya kwangu ya kwanza niliinunua kwa makanga wa Isebania, kwa nauli ya kurudi shule. Nilitembea. Simlaumu mtu.

Lakini kizazi chetu tulipewa bure. Shujaaz ilianza mwaka 2010, kwa Sheng, ikija ndani ya gazeti la Jumamosi na kwenye vibanda vya M-Pesa. Boyie anaendesha redio ya siri kutoka kwao nyumbani, na katikati ya stori unafundishwa kupaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue. Mwaka 2012 ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Niliipenda, bado naipenda. Ila ukipewa bure, kuna mtu mwingine aliyelipa, na huyo ana jambo anataka ulisikie. Spear hakutaka nifuge kuku.

Na karatasi zenyewe ziko wapi? Huku kwetu nyingi zilifungia omena. Nimewahi kununua omena Homa Bay nikafungua kifurushi nikakuta jamaa ananing'inia dirishani, ngumi hewani, na ukurasa wa pili hakuna. Nilimrudia yule mama kuuliza kama ana karatasi zilizobaki. Akacheka, akanionyesha gazeti la siasa.

African Film ya nera nayo imekatika. Spear amefungwa kwenye kiti, taa imezimwa, mtu anapanda ngazi. Baada ya hapo ni nyuzi za kushonea tu. Nera aliishi na hiyo hadithi miaka hamsini hivi, na sikuwahi kumuuliza iliishaje. Wazee walipoita mara ya tatu nilitoka na hati mkononi, na majarida ndani ya shati.

Kama baba yako au babu yako aliacha sanduku, hebu lifungue. Natafuta kurasa za mwisho.