Feza za Chuma za Wazee Wetu: Thamani Yake ni Nini?

Huku kwetu Kapalata, kama pengine pote Kisangani, kijana aliyezaliwa baada ya 1998 hakuzoea kulipa sokoni kwa feza ya chuma. Franka ya Kongo iliyoanza mwaka ule ilikuja na noti tu, hata santimu zilichapwa kwenye karatasi. Basi akikuta vipande vya chuma ndani ya sanduku la babu, anauliza: «Hii iko na bei gani?» Mnunuzi wa chuma chakavu anamjibu kwa kilo. Je, jibu hilo linatosha?

Kabla ya Wazungu, Walokele, Watopoke na Waturumbu walikuwa na ngbele, ambayo wengine wanaiita liganda. Ni chuma kilichofuliwa kama ncha ya mkuki, lakini kipana na kirefu sana. Zingine zinakaribia kimo cha mtu. Haikuwa ya vita. Ilikuwa ya mahari na ya malipo makubwa, na thamani yake ilikuwa chuma chenyewe pamoja na jasho la mhunzi. Halafu mtoni zikapanda mitako, vipande vya waya wa shaba ya manjano. Hizo watu walizikata zikawa fupi zaidi na zaidi, na kila zilipofupishwa, nguvu yake ya kununua ilipungua. Kumbe feza kushuka si jambo la jana!

Mwaka 1887, ule ule Tippu Tip alipofanywa gavana wa Stanley Falls, Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II lilitoa sarafu zake. Santimu zilikuwa za shaba nyekundu, zenye tundu katikati na nyota. Nusu franka hadi franka 5 zilikuwa za fedha halisi, zenye sura ya mfalme. Lakini wanakijiji wengi waliendelea kulipwa kwa mitako, nguo na chumvi. Ni kodi ya kichwa ya mwaka 1910 iliyolazimisha kila mwanaume kutafuta franka.

Metali inatueleza pia habari za vita. Ubelgiji ilitekwa na Wajerumani mwaka 1940, kwa hiyo feza za Kongo zikatengenezwa kwingine. Franka 2 ya 1943, ya shaba ya manjano, yenye pembe sita na tembo, ilitoka Philadelphia, Marekani. Franka 50 ya 1944, yenye tembo pia, ilitoka Pretoria. Hii ina gramu 17.5, na nusu yake ni fedha. Miaka ya 1950 ikaleta alumini, metali nyepesi. Mwaka 1967 zikaja sengi 10 za alumini zenye chui, na makuta 5 ya shaba na nikeli yenye sura ya Mobutu.

Sasa turudi kwenye bei. Mwenye kuyeyusha anaangalia uzito: alumini inakuwa sufuria, na hadithi inaisha pale. Mkusanyaji anaangalia mambo mengine matatu: je, ni adimu? Maandishi na mwaka bado vinasomeka? Kuna watu wanaoitafuta? Ndiyo maana shaba ndogo ya 1887 inaweza kupita alumini ya kilo nzima, na sarafu mbili za mwaka mmoja zikawa na bei mbalimbali. Ngbele nazo zinauzwa Ulaya kama kazi za sanaa, wakati watoto wengi wa Isangi hawajaona hata moja.

Basi tuwe waangalifu. Usisugue sarafu kwa mchanga wala ndimu ili ing'ae. Ile rangi ya uzee ikitoka, na bei inatoka. Ukiambiwa ni fedha, leta sumaku: fedha na shaba hazivutwi. Ikivutwa, si fedha. Lakini isipovutwa, bado si uhakika. Ipime pia uzito.

Na zaidi ya yote, kabla ya kuuza, mwulize mzee na uandike: feza hii ililipa nini? Kodi, mahari, ao karo ya shule? Chuma kikienda kwa kilo, hakirudi. Mzee akienda, jibu nalo limeenda.