Gulbene: Geji ya Reli na Kuzaliwa kwa Mji Mdogo wa Latvia

Historia ya miji midogo ya reli aghalabu huandikwa kwa kuhesabu majengo na wakazi. Makala haya yanaitazama Gulbene, mji wa kaskazini-mashariki mwa Latvia, kwa kigezo kingine: upana wa reli zake. Hoja yetu ni kwamba uamuzi kuhusu geji, ambao kwa kawaida huachiwa wahandisi, ni uamuzi wa kisiasa unaodumu kuliko serikali iliyoupitisha.

Mwaka 1903, Latvia ingali chini ya Dola ya Urusi, ilifunguliwa reli ya milimita 750 kutoka Stukmaņi, ambayo leo ni Pļaviņas, hadi Valka. Reli nyembamba ilikuwa nafuu kujenga, na Gulbene ilikuwa mojawapo tu ya stesheni za njiani.

Vita Kuu ya Kwanza vilibadili hali hiyo. Kuanzia 1915 majeshi ya Ujerumani na Urusi yalikabiliana kando ya mto Daugava, na Urusi ikahitaji kufikisha askari na silaha bila kubadilisha mabehewa njiani. Mwaka 1916 kipande cha Pļaviņas hadi Gulbene kilipanuliwa kufikia geji ya Kirusi ya milimita 1524, na reli nyingine pana ikajengwa kutoka Ieriķi, kupitia Gulbene, kuelekea mashariki. Upande wa Alūksne ulibaki mwembamba. Tangu hapo, shehena iliyotoka huko kwenda mbali ilibidi ihamishwe Gulbene. Kikwazo cha usafiri kikageuka kuwa ajira ya mji.

Latvia huru, iliyotangazwa mwaka 1918, ilirithi njia panda hiyo ya kijeshi na kuipa kazi ya kiraia. Jengo kubwa la stesheni, lililosanifiwa na Pēteris Feders, lilikamilika 1926. Gulbene ikapewa hadhi ya mji 1928. Stesheni ilitangulia, mji ukafuata.

Baadaye malori na mabasi yalipunguza umuhimu wa reli. Njia ya Ieriķi, iliyojengwa kwa haraka ya vita, imeng'olewa. Ilhali kilomita 33 za reli nyembamba hadi Alūksne zingali zinabeba abiria, zikilindwa kama urithi wa taifa. Kwa mshauri wa sera, funzo ni kwamba manufaa ya reli hayapimwi kwa upana wake wala kwa dharura iliyoizaa, bali kwa watu walio tayari kuitunza baada ya dharura hiyo kupita.