Mkanda wa Taiming, Kubadilisha

MKANDA WA TAIMING ni ukanda wa mpira wenye meno, uliotiwa nyuzi imara ndani yake, ambao huunganisha krankshafti na kamshafti ili valvu zifunguke na kufungwa kwa majira yaliyokadiriwa, krankshafti ikizunguka mara 2 kwa kila mzunguko 1 wa kamshafti. Gari la kwanza kuundwa kwa wingi likiwa na ala hiyo lilikuwa Glas 1004 la Ujerumani, mwaka 1962.

Katika injini ya dizeli ya Toyota 1HZ, iliyo mashuhuri katika Land Cruiser za Afrika Mashariki, mkanda huo aghalabu hubadilishwa kila kilomita 100,000, taa ya dashibodi ikimtanabahisha dereva. Kwani ukikatika injini ikiwa katika mwendo, pistoni hugonga valvu na hasara huwa kubwa. Fundi, akiisha kuvua nyaya za betri, huzungusha krankshafti hata alama za puli zilingane na zile za kiwiliwili cha injini, hulegeza puli ya kukazia, huuondoa mkanda mkuukuu, huchunguza beringi na sili, hutia mpya pasipo kuukunja wala kuugusisha mafuta, kisha huizungusha injini kwa mkono mizunguko 2 kamili na kuzihakiki alama tena kabla ya kuiwasha.