Gundi ya kuhimili moto

Gundi ya kuhimili moto ni kiunganishi kinachoendelea kushika jiko likiwa linawaka. Gundi ya mbao hulainika au kuungua kwenye joto hilo. Katika jiko la chuma la kuni, kazi yake ni kushikilia gasketi, yaani kamba ya nyuzi za kioo inayozunguka ukingo wa mlango. Gasketi ni kitu laini kinachobanwa kati ya vyuma viwili ili hewa isipenye.

Aina mbili ndizo hutumika zaidi. Gundi ya silikati ya sodiamu hukauka ikawa ngumu na hustahimili joto kali la mlango. Silikoni nyekundu ya mafundi magari hubaki ikinyumbuka, lakini huharibika joto likizidi takriban nyuzi 300 za Selsiasi. Kwa hiyo haifai karibu na moto.

Mfereji wa gasketi hukwanguliwa kwanza kwa brashi ya waya hadi masalia ya gundi ya zamani yaishe. Gundi hupakwa kidogo ndani ya mfereji, maana ikiloweka kamba, kamba hukakamaa na haibanwi tena. Kamba hulazwa bila kuvutwa, na ncha zake hukutana pasipo kupandana. Gundi ikishakauka, kipande cha karatasi hubanwa mlangoni. Kikivutika kirahisi, hewa bado inapita.

Mgori, mkoani Singida, ambako kuni ndiyo nishati ya nyumba nyingi, mafiga na majiko ya udongo hayana gasketi. Hapo kazi ya kuziba hufanywa na udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga au vigae vilivyopondwa, kwani udongo mtupu husinyaa na kupasuka unapokauka. Kwenye jiko la mkaa lenye kauri, saruji tupu nayo hupasuka kwa moto. Ndiyo maana mafundi wa Kenya huichanganya na vermikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto, kushikiza kauri kwenye bati.

Kanuni ni moja kwa majiko yote: kiunganishi huchaguliwa kwa joto la mahali kinapokaa na kwa vitu kinavyoviunganisha. Kiungo kinachovuja huingiza hewa isiyodhibitiwa, kuni huisha upesi, na huko Mgori mzigo wake huuangukia Msitu wa Mgori, ambao vijiji jirani vilianza kuusimamia katika miaka ya 1990.