Kengele Ndani ya Kompyuta

Mwanafunzi mpenzi, fikiri kidogo juu ya kengele ya shule yako. Mwalimu aliye darasani hana haja ya kutoka nje kila dakika kwenda kutazama kama kipindi kimekwisha. Yeye huandika ubaoni na kuuliza maswali, na mtu mwingine mwenye saa humhesabia wakati. Kengele ikilia, mwalimu huweka chaki chini. Kompyuta za kwanza, zilizoundwa katika miaka ya 1940, hazikuwa na kengele ya namna hiyo. Kompyuta iliyotaka kujua kama karatasi yake imekwisha kupigwa chapa, ama ilisimama ikingoja, ama iliacha hesabu zake mara kwa mara kwenda kutazama. Na kwa kuwa chombo cha kupiga chapa kilikwenda polepole sana kuliko kompyuta yenyewe, sehemu kubwa ya wakati wake wa thamani ilipotea bure.

Dawa ya upotevu huo ilianza kuonekana katika miaka ya 1950. Wahandisi walitengeneza njia ya kuita kompyuta ikiwa katikati ya kazi: huandika mahali ilipofika, huitika mwito, hutimiza lile dogo iliyoitiwa, kisha hurudi na kuendelea kana kwamba hapakuwa na jambo. Mwito huo tutauita katizo. Kompyuta ya DYSEAC, iliyojengwa Marekani na kukamilika mwaka wa 1954, huhesabiwa miongoni mwa za kwanza kuwa na makatizo.

Yamkini unadhani kwamba uvumbuzi huo ulipokewa kwa shangwe. Sivyo. Huko Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, wahandisi Bram Loopstra na Carel Scholten walikuwa wakiunda kompyuta iliyoitwa X1, nao walitaka kuipa makatizo. Kazi ya kuiandikia programu ilikuwa ya kijana Edsger Dijkstra, naye aliogopa. Hofu yake haikuwa ya kitoto. Programu ya kawaida ikikosea leo, huweza kuendeshwa tena kesho nayo itakosea vile vile, hata kosa lionekane. Lakini katizo huja wakati wowote, kati ya hatua yoyote na nyingine. Kosa liletwalo nalo huenda likatokea mara moja tu, kisha lisionekane tena kwa mwezi mzima. Dijkstra alichelewesha uamuzi, akabembelezwa, mwisho akakubali. Na programu aliyoiandika ili kupokea makatizo hayo ikawa sehemu ya tasnifu yake ya udaktari ya mwaka wa 1959.

Miaka kumi baadaye, jambo hilo lilijaribiwa mahali ambapo kosa lingeua watu.

Chombo kilichowashusha Neil Armstrong na Edwin Aldrin mwezini kiliitwa Eagle. Ndani yake mlikuwa na kompyuta ya uzito wa kilo 32 hivi, iliyobuniwa katika maabara ya chuo cha MIT. Ghala yake ya kudumu ilichukua maneno 36,864, na ile ya kuandika na kufuta maneno 2,048 tu. Wala usidhani haya ni maneno ya lugha, ni nambari. Kompyuta hii ilikuwa na vihesabu kadhaa vya wakati, na ni vema uelewe jinsi vilivyotegwa, kwa sababu ufundi huo haujabadilika mpaka leo.

Kihesabu ni mahali pa kuwekea nambari ambapo mpigo wa saa huongeza moja kila unapopita. Vingi vya vihesabu vya Eagle viliongezwa kila baada ya milisekunde 10. Kihesabu kiliweza kufika 16,383. Mpigo uliofuata ulikifurisha, kikarudi sifuri, na papo hapo katizo likatokea. Basi mtu aliyetaka kuitwa baada ya sekunde 2, yaani mipigo 200, hakuanzia sifuri. Alitoa 200 katika 16,384, akaandika 16,184 ndani ya kihesabu, akaenda zake. Kihesabu kilijaa chenyewe kwa wakati uliotakiwa.

Kwa njia hiyo, kihesabu kimoja kiliamsha usukani wa chombo mara 10 kila sekunde, na kingine kiliita kompyuta kila sekunde 2 ili ipime mwendo, ikokotoe mahali ilipo na kuamuru nguvu ya injini. Hesabu hizo ndefu hazikufanywa ndani ya katizo lenyewe. Katizo lilifanya machache, kisha likaiandikisha kazi kubwa katika orodha ya zinazongoja zamu, kila moja na cheo chake. Kazi ya cheo cha juu ilitangulia. Mtu aliyebuni mpango huo wa vyeo, Hal Laning, hatajwi sana katika vitabu vya safari ya mwezini, nami naona hilo si haki.

Tarehe 20 Julai 1969, Eagle ikiwa yapata mita 10,000 juu ya mwezi, taa ya onyo iliwaka na kioo kikaonyesha nambari 1202. Wanaanga hawakujua maana yake. Maana yake ilikuwa hii: nafasi za kuandikishia kazi zimejaa.

Zilijaa kwa nini? Chombo kilikuwa na rada ya kutafutia Columbia, chombo mama alimobaki Michael Collins. Rada hiyo haikuhitajika katika kushuka, lakini iliwashwa ili iwe tayari endapo wangelazimika kukimbia kurudi juu. Swichi yake ilikuwa mahali ambapo umeme wa rada na umeme wa kompyuta, ingawa ulipiga kwa kasi ile ile, haukupiga kwa pamoja. Kwa hiyo vihesabu viwili vya pembe za rada vilidanganyika, vikadhani rada inayumba huku na huko. Kila kimoja kilipokea mipigo 6,400 kwa sekunde, na kila mpigo uliiba maikrosekunde 11.7 katika wakati wa kompyuta. Zidisha, msomaji: mipigo 12,800 kwa sekunde yalinyang'anya asilimia 15 ya wakati wote, na hesabu za kushuka zilikuwa zikihitaji karibu kiasi chote kilichosalia.

Hapo ndipo kengele, iliyokuwa rafiki, ilipogeuka kuwa mzigo. Kihesabu cha sekunde 2 hakikujua kwamba kazi ya mzunguko uliopita haijamalizika. Kilipiga tu. Kazi mpya ikaandikishwa juu ya kazi isiyokwisha, na nyingine tena, hata nafasi zikaisha.

Huko Houston, Steve Bales, mwenye umri wa miaka 26, alitakiwa aseme katika muda wa sekunde chache kama safari iendelee au ivunjwe. Mwanzoni mwa mwezi huo huo, katika mazoezi, onyo la jamii hiyo lilitokea naye akavunja safari bila sababu ya kutosha. Baada ya kukaripiwa, mwenzake Jack Garman, mwenye miaka 24, aliandika kwa mkono orodha ya maonyo yote na maana zake. Siku ya siku Garman alitazama karatasi ile, akasema kwamba maadamu onyo halirudii mfululizo, waweza kuendelea. Bales akatoa ruhusa.

Maonyo yalitokea mara tano kabla ya kutua. Magazeti mengine yaliandika kwamba kompyuta iliharibika, na wapo wanaolirudia neno hilo hata sasa. Sikubaliani nao. Kila mara nafasi zilipojaa, programu ilifuta kazi zote zilizoandikishwa, kisha ikaanzisha upya, kutoka mahali palipohifadhiwa, zile tu ambazo chombo kisingeishi bila hizo: usukani, injini, na hesabu ya mahali. Maonyesho ambayo Aldrin aliyaomba kiooni yaliachwa. Yeye mwenyewe alitambua kwamba onyo lilikuja alipoyaomba. Injini haikuzimika, na Eagle ilitua salama katika Bahari ya Utulivu.

Siku hizi kompyuta nzima yaweza kukusanywa katika kipande kimoja cha silikoni kinachoenea kwenye ukucha, nacho huitwa maikrokontrola. Intel ilitoa mwaka wa 1980 aina iitwayo 8051, ambayo ingali ikifundishwa vyuoni. Ina vihesabu viwili, na katika mtindo wake wa kawaida kila kimoja hufurika kifikapo 65,536. Ukiipa saa ya mipigo milioni 12 kwa sekunde, kihesabu huongezwa mara milioni moja kwa sekunde. Ukitaka katizo baada ya milisekunde 50, toa 50,000 katika 65,536, uandike 15,536. Kisha utoe ruhusa mbili, moja ya kihesabu hicho na moja ya makatizo yote, ndipo ukianzishe. Makatizo 20 yatakuwa sekunde moja.

Lakini katika mtindo huo kihesabu kikifurika huanza tena kwenye sifuri, si kwenye 15,536. Mwandishi wa programu asipokijaza upya ndani ya kila katizo, kengele ya pili itakawia milisekunde 65.5, na ya tatu vile vile, na taa iliyotakiwa kumetameta kila sekunde 1 itametameta kila sekunde 1.3.