Fedha na Mchovyo wa Fedha: Kusoma Mihuri ya Vijiko vya Kale katika Muktadha wa Nyakiriba

Makala haya yanadai kwamba kijiko cha kale kilichochovywa fedha ni hati ya kihistoria, na kwamba Kiswahili kikikosa istilahi bayana ya kukieleza, hati hiyo husomwa visivyo.

Nyakiriba imo wilayani Rubavu, eneo lililokuwa chini ya Wajerumani hadi mwaka 1916, kisha Wabelgiji hadi 1962. Misheni ya Nyundo, katika wilaya hiyohiyo, ilianzishwa mwaka 1901. Anayekusanya vyombo vya mezani vya enzi hizo hana budi kuzijua alama za viwanda vya Ulaya.

Teknolojia yenyewe ilienea baada ya kampuni ya Elkington ya Birmingham kupata hataza mwaka 1840. Chombo cha metali hafifu kilitumbukizwa katika myeyuko wenye fedha, umeme ukapitishwa, na utando mwembamba wa fedha ukakigandia. Katika vyombo vya Kijerumani, namba 800 hudokeza fedha halisi ya sehemu 800 kwa 1000. Namba 90 ni habari nyingine kabisa: gramu 90 za fedha zilizogawanywa juu ya vijiko 12 na nyuma 12 za mezani, yaani wastani wa gramu 3.75 kwa kila kimoja. Anayeidhania 90 kuwa asilimia ya usafi hununua utando kwa bei ya fedha.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Neno fedha, lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya metali na ya pesa pia. Kinyarwanda nacho kina ifeza kwa metali hiyo. Katika pwani yetu, riale za Maria Theresa zilipimwa na hata kuyeyushwa kuwa mapambo, hivyo thamani ilikuwa katika uzito. Kwa chombo kilichochovywa, mizani haisemi kitu. Mhuri ndio unaosema.

Tunapendekeza daftari za makumbusho na za wakusanyaji zitenganishe fedha halisi na mchovyo wa fedha, na zinakili kila mhuri kabla ya chombo kusafishwa. Kila msuguo hupunguza utando, na kuchovya upya huweza kufunika alama. Mhuri ukifutika, ushahidi wa kilikotoka chombo hicho hupotea nao.