Peni Moja ya Kusimama

Ndugu msikilizaji, jina la Shakespeare likitajwa, wengi wetu hukumbuka darasa na mitihani. Wiki hii tumkumbuke mtu mwingine kabisa: yule aliyetoa kiingilio cha chini, akasimama kwa miguu yake mpaka mchezo ukaisha.

Jumba la Globe lilijengwa London mwaka 1599, kusini ya mto Thames. Lilikuwa karibu duara, na katikati palikuwa wazi bila paa. Peni moja langoni ilikuingiza uwanjani, usimame mbele ya jukwaa. Kuketi roshani kulihitaji peni ya pili. Fundi wa mjini siku hizo alipata takriban peni 12 kwa siku, kwa hiyo peni moja aliimudu.

Lakini rahisi nayo ina gharama yake. Michezo ilichezwa mchana, kwani taa ilikuwa jua. Mwenye akili aliwahi mapema apate kuegemea ukingo wa jukwaa. Aliyechelewa alitazama visogo vya wenzake. Mvua ikinyesha, ilimlowesha yeye, wa roshani wakabaki wakavu. Juu ya hayo kulikuwa na dharau. Katika mchezo wa Hamlet, watazamaji hao wanaitwa kwa jina la samaki mdogo akaaye chini kabisa ya maji.

Je, walikuwa mzigo? La hasha! Peni za langoni ziliingia mfukoni mwa waigizaji, ilhali wenye jumba waligawiwa nusu ya mapato ya roshani. Aliyedharauliwa ndiye aliyewalisha waliokuwa jukwaani.

Baadaye kundi lile lile la waigizaji lilianza kutumia pia ukumbi wa Blackfriars, wenye paa na mishumaa. Humo hapakuwa na pa kusimama, na kiingilio cha chini kilikuwa peni 6, nusu ya ujira wa siku wa fundi. Hapo kibarua alibaki nje. Bahati yake, Globe iliendelea kumpokea majira ya joto, mpaka Bunge lilipofunga majumba yote ya michezo mwaka 1642.

Globe mpya ilipofunguliwa London mwaka 1997, nafasi ya kusimama ilirudishwa kwa paundi 5. Kukaa chini marufuku, mwavuli marufuku. Na mwaka 2012, waigizaji kutoka Kenya walicheza humo *The Merry Wives of Windsor* kwa Kiswahili, mbele ya watu waliosimama vile vile.

Ndugu zangu wenye kumbi, mkipanga viingilio, msitazame viti vya mbele tu. Mwachieni mtu wa kipato kidogo pembe yake ya kusimama. Si sadaka hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.